Udongo wa bidoni una njaa, haujazeeka

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, udongo unanunuliwa. Mtu wa Rutshuru au wa Masisi, ambaye jembe lake linazama popote analopiga, anaweza kushangaa, lakini sisi wa mitaa ya Keshero, Ndosho, Majengo na Katoyi wengi tumejenga juu ya jiwe tupu. Lava ya Januari 2002, kutoka volkano yetu ya Nyiragongo, ilikata mji katikati hadi ikaingia ziwani. Ile ya Mei 2021 ilisimama karibu na uwanja wa ndege. Chini ya hizo kuna nyingine za kale ambazo hata wazee hawakuziona zikimwagika. Katika parsele yetu, yaani kiwanja, jembe halina kazi, kazi ni ya nyundo na mtaimbo. Anayetaka mboga karibu na jiko anaagiza udongo kwa gunia, unaletwa kwa chukudu, kile kigari cha mbao cha magurudumu mawili, na bei yake hupanda kila barabara inapoharibika au kufungwa.

Ndiyo maana roho huniuma nikiona mtu amevuna nyanya zake, kisha anageuza ndoo na kumwaga udongo wote kwenye mtaro, eti umechoka. Mvua ya jioni moja inaubeba mpaka ziwani. Msimu unaofuata anaagiza gunia jingine. Mimi napanda katika bidoni za lita 20, yale madumu ya plastiki, zilizokatwa ubavuni, katika ndoo zilizotoboka na katika magunia, na udongo mwingi uliomo ni uleule nilionunua mwanzoni. Nimeuongezea, nimeuchanganya, nimeupumzisha, sijautupa. Shu, yaani kabichi, zinazotoka humo sasa ni nzito kuliko zile za kwanza.

Aliyenifungua macho ni mama mmoja mzee wa kartie (mtaa) yetu, mkulima aliyetoka Rutshuru kwa sababu ya vita. Nilimwonyesha bidoni ambayo lengalenga zake, yaani mchicha, zilikuwa zimepauka.

"Mama, udongo huu umezeeka?"

Akaingiza vidole, akaunusa. "Hapana, mwanangu. Udongo hauzeeki hivyo. Huu uko na njaa."

Nimelifikiria sana jibu lile, hasa nikitazama lava iliyo nyuma ya nyumba yetu. Jiwe lile si maskini. Lava ya Nyiragongo ina potasiamu na sodiamu nyingi, ina kalisi, ina fosforasi. Lakini panda mbegu ya shu juu yake uone. Kinachoanza kuota pale ni kuvumwani ya kijivu, halafu kangaga kwenye nyufa, na vichaka huja baadaye sana. Udongo mweusi wa Rutshuru nao asili yake ni volkano. Kilichofanya jiwe kuwa udongo ni viumbe: mizizi iliyokufa humo, majani yaliyooza, bakteria, kuvu, wadudu na nyungunyungu, kizazi juu ya kizazi. Kwa hiyo udongo wa bidoni unaponyamaza, mara nyingi madini yake mengi bado yamo. Kilichokwisha ni chakula cha wale wanaoyafungua.

Mmea wenyewe hauli jani lililooza. Bakteria na kuvu ndio wanaolivunja, na naitrojeni yake wanaifungia ndani ya miili yao. Kisha viumbe wadogo zaidi ya jicho kuona, pamoja na minyoo membamba sana, huwala hao bakteria na kutoa nje naitrojeni iliyozidi, nayo mizizi inaipokea. Mmea hulipa deni: mizizi hutoa sukari kwenye udongo unaoizunguka ili kuwavuta hao wahudumu. Shambani mzunguko huu hujiendesha, kwa sababu majani yanaanguka, ng'ombe anapita, mizizi ya magugu inakufa na kuoza. Ndani ya bidoni hakuna kinachoingia ila kile ulichoingiza wewe, na kila unapomwagilia, naitrojeni iliyoyeyuka hutoka na maji kwenye matundu ya chini. Ni kama kufunga mbuzi kamba: huyu hajitafutii tena, chakula chake ni mkono wako.

Baada ya mavuno natandika shitingi, yaani turubai, juu ya lava na kugeuza bidoni moja. Hapo ndipo pa kutazama kwa makini, maana udongo husema wenyewe. Kwanza angalia ulivyoshuka: msimu wa kwanza ulikuwa umefika karibu na mdomo, sasa umepungua vidole vinne au vitano. Mboji iliyokuwemo imeliwa na kugeuka hewa, ndiyo sababu. Halafu bonge lenyewe. Likitoka limeshikamana na mizizi myeupe kila upande, likavunjika vipande vidogo vidogo mfano wa makombo, udongo huo ni mzima. Likitoka gumu, linang'aa pembeni kama limepigwa plasta, hewa imekwisha humo. Nusa. Udongo mzima una harufu ya msitu baada ya mvua. Harufu ya yai bovu maana yake maji yalituama chini na viumbe wanaohitaji hewa wamekufa. Tafuta nyungunyungu; wawili au watatu katika bidoni moja wanatosha kunifurahisha, na hao nawatenga pembeni chini ya jani la mgomba, kwa sababu jua la hapa juu ya jiwe jeusi linawaua upesi. Ukiona utando mweupe wa chumvi juu ya udongo au kwenye ukingo wa ndoo, hapo mbolea ilizidi au maji hayakuwa yanapita. Udongo huo nausafisha kwa maji mengi ya mvua, yapite na kutoka chini, kabla ya kuulisha chochote.

Mizizi siitoi. Wengi huchuja udongo wote kwenye wavu mpaka ubaki vumbi, wakidhani wanausafisha. Mizizi ile ni chakula kilichokwisha kusambazwa mahali pote, na inapooza huacha njia za hewa na maji. Natoa tu kisiki kinene. Kwa maharage ninakata shina usawa wa udongo na kuacha yote ya chini, kwa sababu kwenye mizizi yake kuna vinundu ambamo bakteria hushika naitrojeni ya hewani. Pasua kinundu kimoja kwa ukucha wakati mmea bado una maua: kikiwa na rangi ya waridi ndani, kinafanya kazi. Kikiwa cheupe au cha kijani, bado au kimechoka. Sababu nyingine ya kutosumbua udongo sana ni nyuzi za kuvu zinazoungana na mizizi ya nyanya, vitunguu, maharage na pilipili na kuiletea fosforasi kutoka mbali. Ukizisaga kila msimu zinaanza upya. Shu na lengalenga hazina urafiki na kuvu hao, kwa hiyo bidoni iliyobeba shu mfululizo hubaki maskini upande huo.

Sasa kulisha. Kwa udongo ulio mzima, kipimo changu ni ndoo tatu za udongo wa zamani kwa ndoo moja ya mboji iliyoiva. Kama kuna samadi ya sungura naongeza konzi mbili kwa bidoni, maana hiyo ni laini na haichomi. Samadi ya kuku ni kali. Lazima ioze kwanza pamoja na majani makavu, la sivyo miche inaungua ncha. Ya ng'ombe ni nzuri ikiwa imekaa mpaka haina harufu ya zizi. Tukipata alizeti pori, lile ua la njano linalosimama kando ya barabara nyingi za Kivu na ambalo wataalamu wanaliita Tithonia, tunakatakata majani na vishina laini na kuyachanganya na udongo yakiwa mabichi vilevile. Majani yake yana naitrojeni na potasiamu kwa wingi na yanaoza haraka sana.

Baada ya kuchanganya sipandi siku ileile. Udongo unarudi kwenye bidoni, unamwagiliwa mpaka ukiufinya unashikamana lakini hautoi maji, unafunikwa na nyasi kavu au majani ya mgomba, unaachwa kivulini wiki mbili hadi tatu. Huu ndio muda ambao watu hawana subira nao, na ndio wenye thamani kuliko hata samadi. Ingiza mkono katikati siku za mwanzo utasikia joto kidogo, wanakula. Joto likiisha, na majani yaliyokuwa yanaonekana yakawa hayatambuliki tena, panda.

Mboji yenyewe inatoka jikoni na sokoni. Maganda ya ndizi na viazi, majani ya nje ya shu, mabua ya maharage, machicha ya kahawa kama yapo. Mama wauza mboga wa soko la Virunga wanakuachia mabaki jioni ukiwaomba kwa heshima na ukija na gunia lako. Chambua kwa mkono, kwa sababu humo mna vipande vya plastiki, na betri za redio, ambazo sumu yake haiozi. Vitu vibichi pekee vinageuka uji unaonuka. Vinahitaji kulaliwa na vikavu: majani makavu, nyasi, katoni iliyochanwa. Wanaopima husema kaboni sehemu 25 hadi 30 kwa sehemu moja ya naitrojeni. Mimi kwa macho naweka vikavu mara mbili ya vibichi na kugeuza rundo linapopoa. Rundo kubwa la kutosha, kama la mita moja kila upande, hufika joto la nyuzi 55 na zaidi, na joto hilo ndilo linaloua mbegu za magugu na vimelea vingi.

Rundo naliweka juu ya ardhi, ndani ya uzio wa matete au gunia lililotobolewa. Si kwa sababu ya jiwe tu. Katika mabonde na mashimo ya mji huu na pembezoni mwake kuna mazuku, hewa ya kaboni dioksidi inayotoka ardhini, ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hutulia mahali pa chini bila rangi na huua mbuzi, mbwa na watoto. Mahali palipo na historia hiyo usichimbe shimo la mboji, na mtoto asitumwe kushuka humo asubuhi na mapema. Hili naliandika kwa uzito wote.

Unga wa mbao wa maseremala una kishawishi, unapatikana bure. Ukiuchanganya mbichi na udongo, bakteria watakaouvunja watahitaji naitrojeni, nao wataichukua kwenye udongo kabla ya mmea. Majani yatageuka manjano hata kama umeweka samadi. Uweke kwenye rundo la mboji, uoze huko kwa miezi. Vumbi la makala, yaani makaa ya kupikia, ni habari nyingine, na katika mji unaopika kwa mbabula, majiko ya makaa, halikosekani: kila gunia la makala linaacha konzi kadhaa chini. Makala hayaozi upesi, yana vitundu vingi sana ndani vinavyoshika maji na chakula. Lakini makavu nayo hunyang'anya chakula cha mmea kwanza. Nayaloweka wiki moja katika maji ya samadi, au katika mkojo uliochanganywa na maji mara kumi, kisha ndipo yaingie kwenye mboji. Sehemu moja kwa kumi ya udongo inatosha. Naongelea makala, si majivu. Watu wanayachanganya hayo mawili.

Majivu nayo yana nafasi yake. Mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo hubeba tindikali. Wenye mabati upande ambao upepo wa mlima unaelekea wanajua jinsi yanavyoliwa.  Konzi moja ya majivu safi ya kuni kwa bidoni, mara moja kwa mwaka, inarudisha usawa na kuleta potasiamu na kalisi. Zaidi ya hapo unaharibu, mmea unashindwa kupata chuma na majani yanapauka katikati ya mishipa. Na usiyaweke siku moja na mkojo au samadi ya kuku, kwa sababu majivu yanaifukuza naitrojeni ipande hewani, utaisikia puani.

Fosforasi ndiyo inayotusumbua zaidi sisi tunaotumia udongo wa volkano. Udongo wa namna hii huishika fosforasi kwa nguvu na kutoiachia. Mifupa ya nyama tunaichoma kwenye mbabula mpaka iwe myeupe na kuvunjika kwa vidole, tunaitwanga kwenye kinu, unga wake tunauchanganya na mboji, si moja kwa moja na udongo. Ndani ya mboji unakaa karibu na viumbe wanaoweza kuufungua na mbali na ile hali ya udongo ya kuufunga. Maganda ya mayai ni mazuri kwa kalisi, ila yasagwe yawe unga. Vipande vikubwa utavikuta vilevile miaka inayofuata.

Juu ya maji nitasema mambo mawili tu. La kwanza ni lile tabaka la mawe ambalo kila mtu huweka chini ya ndoo ili maji yatoke. Halisaidii. Maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kuingia kwenye mawe; yanatuama juu ya mawe hayo, na sehemu yenye unyevu mwingi inasogea karibu na mizizi. Ukitaka maji yapite, changanya changarawe nyepesi ya volkano, ile yenye vitundu, ndani ya udongo wote, na toboa matundu ya kutosha. Nguzo ya mawe katikati ya gunia la mboga ni kitu tofauti, hiyo inapeleka maji mpaka chini na inafanya kazi. La pili ni kiangazi cha Juni hadi Agosti. Udongo wenye mboji nyingi ukikauka kabisa unakataa maji: unamwaga, yanapita pembeni na kutoka, katikati pamebaki vumbi. Kwa hiyo bidoni isiyo na mmea nayo inafunikwa na kupewa maji kidogo kila wiki, kwa ajili ya waliomo. Ikishakataa, iweke ndani ya karai lenye maji, iyanywe taratibu kutoka chini usiku mzima. Na magunia yasikae moja kwa moja juu ya lava mchana. Yainulie mbao, kwa kuwa jiwe lile likipata jua linapika mizizi.

Kuna udongo mmoja tu ambao siuchanganyi na mwingine, hata uwe mweusi na wenye harufu nzuri kiasi gani. Nyanya ikinyauka ghafla mchana ikiwa bado ya kijani, ikainuka kidogo usiku na kuanguka kabisa siku zinazofuata ilhali udongo una unyevu, kata shina karibu na chini. Chukua glasi ya maji safi, lishike shina lining'inie, ncha iliyokatwa iguse maji, usilitikise. Subiri dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka taratibu kutoka kwenye shina, huo ni mnyauko wa bakteria. Ng'oa mmea pamoja na mizizi yake, uchome. Usiutie kwenye mboji. Kisu, mikono na karai vioshwe kwa sabuni au maji ya javeli (dawa ya klorini). Bakteria huyo hukaa udongoni kwa miaka na kusubiri nyanya, biringanya, pilipili au viazi.

Mizizi yenye vivimbe kama shanga ni shida nyingine, ni minyoo ya mizizi, tofauti na vile vinundu vya maharage ambavyo hubanduka kwa ukucha. Vivimbe vya minyoo ni mzizi wenyewe uliovimba. Huko napanda maua ya Tagetes, yale ya njano au chungwa yenye harufu kali, kwa msimu mzima na kuongeza mboji, yanapunguza.

Bidoni zenye mnyauko nimezipaka rangi nyekundu mdomoni ili mtoto yeyote wa nyumbani asichukue udongo wake kujazia nyingine. Hazikutupwa. Zinalishwa mboji na samadi kama wenzake, zina ndoo yao na kijiko chao, ziko upande wa chini wa parsele ili maji yake yasitiririkie zile nzima. Zinazaa vitunguu, shu na puaro (jamaa ya kitunguu), ambavyo ugonjwa huo hauvigusi, na mwaka huu mbili kati yake zina mahindi.